MAISHA YA MUNGANGA ROBERT KOCH, NA DAWA YA VISIWA VYA SESE



Katika namba hii sisi wa mwaka wa sita tumepewa ukurasa wa maisha ya watu wenye sifa. Tumechagua munganga. Jina lake ninyi wote mnalo, hata kama hamjui kwamba mnalo. Mtu akikohoa wiki nyingi hapa Bunia na akienda hospitali, wanamwomba makohozi, na kwenye karatasi ya laboratori wanaandika herufi mbili: BK. B ni basili, maana yake mikrobi yenye umbo la kijiti. K ni Koch, mtu aliyeonyesha wa kwanza kwamba kijiti hicho ndicho kinacholeta kifua kikuu.

Shuleni tunafundishwa nusu tu ya maisha yake, nusu ya kugundua mikrobi. Nusu ya pili ni vile alivyotafuta dawa, na hiyo haisemwi sana. Lakini sisi tunaona nusu hiyo ndiyo inayotugusa zaidi, kwa sababu wengi wetu hatutagundua mikrobi, ila sisi wote tutameza dawa. Tena sehemu moja ya habari hizo ilitokea karibu nasi. Ukishuka Kasenyi, ukivuka Ziwa Albert na ukikata Uganda mpaka Ziwa Viktoria, utakuta visiwa vya Sese. Huko ndiko tutakakofika mwisho. Twende polepole.

UTOTO NA MASOMO

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, kwenye milima ya Harz. Ni inchi ya machimbo, kama vile kwetu Kilo na Mongbwalu, na baba yake alikuwa mmoja wa wakubwa wa kazi za machimbo. Mama yake alizaa watoto 13. Nyumba yenye watoto wengi namna hiyo haina mali ya kutupa, na Robert alijifunza mapema kufanya mengi kwa vitu vichache.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen. Huko alimkuta mwalimu Jacob Henle, ambaye tangu 1840 aliandika kwamba magonjwa ya kuambukiza yanaletwa na vitu vidogo vyenye uzima. Watu wengi hawakukubali, kwa sababu hakuwa na ushuhuda wa kuwaonyesha. Koch alitoka na diploma ya uganga mwaka 1866. Mwaka uliofuata alioa, akapata binti mmoja. Wakati wa vita ya Wajerumani na Wafaransa, 1870, alitumika jeshini kama munganga.

Kiisha vita, mwaka 1872, aliwekwa kuwa munganga wa Serikali katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo ni wa Polandi. Hakukuwa na laboratori, wala maktaba, wala profesa wa kuuliza. Alikata chumba chake cha kupokea wagonjwa kwa pazia; upande mmoja wagonjwa, upande wa pili mikroskopi na panya.

Wakati ule ng'ombe na kondoo wa wilaya walikufa kwa kimeta, ugonjwa ambao katika kitabu chetu cha biolojia unaitwa sharboni. Ndani ya damu ya mnyama aliyekufa palionekana vijiti vidogo. Je, ndivyo vilivyoua, au vilikuja nyuma ya mauti? Koch hakutaka kukisia. Alichukua damu kwa ncha ya kijiti cha mti na kumchoma panya, panya akafa. Alitoa damu ya panya huyo akachoma wa pili, na wa tatu, na kuendelea. Alikuza vijiti vile nje ya mwili, ndani ya maji ya jicho la ng'ombe, mpaka akaona vinageuka kuwa mbegu ngumu zinazoweza kulala katika udongo miaka mingi. Hapo watu walifahamu kwa nini malisho fulani yalikuwa yanaua mifugo mwaka kwa mwaka. Mwaka 1876 alibeba vyombo vyake mpaka Breslau, akaonyesha kazi yake mbele ya profesa Ferdinand Cohn na wenzake. Munganga wa kijijini aliyekuwa hana jina aliondoka pale akiwa na jina.

KANUNI ZAKE

Kutoka kazi hiyo zilipatikana kanuni tunazoziita kanuni za Koch. Tunaziandika kwa ufupi, maana zinaulizwa katika mtihani wa Serikali. Kwanza, mikrobi ionekane katika kila mgonjwa wa ugonjwa ule. Pili, itolewe na kukuzwa peke yake nje ya mwili. Tatu, ikitiwa katika mnyama mzima, ilete ugonjwa uleule. Nne, ipatikane tena katika mnyama huyo.

Maana ya kanuni hizi ni moja tu: usisadiki jambo kwa sababu linaonekana kweli, wala kwa sababu aliyelisema ni mkubwa, omba ushuhuda. Msomaji aweke neno hili moyoni, tutalirudia.

KIFUA KIKUU

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, akapewa laboratori na wasaidizi. Siku hizo kifua kikuu kilihesabiwa kuwa kinaua mtu mmoja katika kila watu saba. Wengine walisema ni ugonjwa wa ukoo, wengine wa umaskini. Koch alipaka rangi nyama ya mapafu ya wagonjwa, akaona vijiti vyembamba sana. Alivikuza; mikrobi nyingine zinaota kwa siku moja au mbili, hizi zilidai wiki nyingi. Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya waganga wa Berlin akaeleza yote, na vioo vya mikroskopi viko mezani. Hakuna aliyebisha. Ndiyo sababu mpaka leo kila tarehe 24 Machi ulimwengu unakumbuka kifua kikuu. Kati ya wasikilizaji alikuwa munganga kijana, Paul Ehrlich. Mkumbuke jina lake.

Mwaka 1883 Koch alikwenda Misri na kiisha India, kutafuta mikrobi ya kolera. Aliiona, akaonyesha kwamba inatembea ndani ya maji. Aliporudi 1884 Serikali ilimpa zawadi ya maraki 100,000. Sasa alikuwa mtu ambaye neno lake halikupingwa. Na hapo, kwa mawazo yetu, ndipo hatari yake ilipoanza.

DAWA YA SIRI

Kujua mikrobi hakuponyi mgonjwa. Ulimwengu ulimngoja Koch alete dawa. Mwezi wa Agosti 1890, katika mkutano mkubwa wa waganga wa inchi zote huko Berlin, alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia basili ya kifua kikuu. Mwezi wa Novemba alianza kukitoa kwa wagonjwa. Kilikuwa maji ya kuchoma kwa sindano, yakaitwa tuberkulini.

Ndugu wasomaji, wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande. Hoteli zilijaa watu wanaokohoa. Lakini kulikuwa na jambo moja la ajabu: Koch alikataa kusema dawa imefanywa na nini. Waganga walichoma wagonjwa kitu wasichokijua.

Baada ya miezi michache habari mbaya zilianza. Wagonjwa walishikwa na homa kali. Wengine walikufa. Profesa Rudolf Virchow alipasua maiti, akaona ugonjwa haukuzimwa. Mahali pengine ulikuwa umesambaa mbele zaidi. Januari 1891 Koch alilazimika kufungua siri: ilikuwa utomvu wa basili zenyewe, uliotolewa kwa gliserini. Waliopona kweli walikuwa wachache sana.

Yule aliyefundisha ulimwengu kuomba ushuhuda alitoa dawa mbele ya ushuhuda. Hatusemi alikuwa mwongo. Alisadiki dawa yake, hata alijichoma yeye mwenyewe akaugua homa. Lakini kusadiki kwa munganga si kipimo cha dawa.

Mambo mawili mazuri yalitoka katika aibu hiyo. La kwanza, tuberkulini haikutupwa. Ilionekana kwamba ngozi ya mtu aliyekwisha kuambukizwa inavimba ikichomwa kidogo sana, na mpaka leo hospitali zinaitumia kwa kupima, si kwa kuponya. La pili, mwaka uleule 1891 Serikali ya Prussia ilitoa amri kwamba wafungwa wasichomwe tuberkulini bila mapenzi yao. Mwaka 1900 ilitoa amri kubwa zaidi, kwamba majaribio yasiyo ya kumponya mgonjwa mwenyewe yasifanywe mpaka aelezwe hatari na akubali. Hizo zilikuwa kati ya sheria za kwanza za namna hiyo duniani.

DAWA ZINATOKA WAPI

Hapa tusimame kidogo, maana wadogo wetu wanauliza mara nyingi dawa zinatoka wapi. Maisha ya Koch yenyewe yanaonyesha njia zote.

Njia ya kwanza ni mimea. Mwaka 1899 na 1900 Koch alikuwa Java na Guinea Mpya, akapiga vita malaria kwa kinini. Kinini inatoka katika ganda la mti wa sinkona wa milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga ikawa unga safi. Wakati wa Wabeleji mti huo ulipandwa Kivu. Ndiyo sababu hapa kwetu kila kidonge tunakiita kinini, hata kama ni cha kichwa au cha tumbo.

Njia ya pili ni miili ya wanyama. Wafanyakazi wawili wa Koch, Emil Behring na Kitasato Shibasaburo, walionyesha mwaka 1890 kwamba damu ya mnyama aliyezoezwa sumu ya ugonjwa inaweza kumkinga mwingine. Kiisha watu walitumia farasi kutoa seramu ya kuponya watoto.

Njia ya tatu ni mikrobi zenyewe, kama tuberkulini, na kama chanjo nyingi. Njia ya nne ni mawe na madini. Njia ya tano ni kiwanda cha kemia, ambapo mtu anaunganisha atomu na kufanya kitu ambacho hakikuwapo duniani.

Lakini njia yo yote ile, swali ni lile lile: kiasi gani? Paracelsus, munganga wa karne ya 16, alikwisha kufundisha kwamba kinachotenga dawa na sumu ni kipimo. Kila dawa ina kipimo kinachoponya na kipimo kinachodhuru, na kati yao kuna nafasi. Dawa nyingine nafasi yake ni pana kama barabara. Nyingine ni nyembamba kama ubao wa kuvukia mto. Kinini ikizidi kidogo tu, masikio yanalia na mtu hasikii vizuri. Basi tuangalie dawa ambayo ubao wake ulikuwa mwembamba kuliko.

KOCH KATIKA AFRIKA YETU

Koch alipenda safari. Mwaka 1896 alikwenda Afrika ya Kusini juu ya tauni ya ng'ombe. Mwaka 1897 alifika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi. Mwaka 1903 alikuwa Bulawayo, na mwaka 1905 alirudi tena Afrika ya Mashariki, akajifunza homa inayoletwa na papasi. Mwisho wa mwaka uleule alipewa zawadi ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Wakati huohuo mauti makubwa yalikuwa yanatembea kando ya Ziwa Viktoria. Tangu 1900 ugonjwa wa usingizi ulishika Busoga, Buganda na visiwa. Mtu anaumwa kichwa, tezi za shingo zinavimba, kiisha anasinzia mchana, anakonda, anapoteza akili, anakufa. Mpaka 1920 waliokufa Uganda wanahesabiwa kuwa zaidi ya 200,000. Mwaka 1903 ilikwisha kujulikana kwamba ugonjwa unaletwa na kidudu kinachoitwa tripanosoma, na kwamba mbung'o ndiye anayekibeba. Inchi yetu ya Kongo nayo iliumizwa sana miaka hiyo.

Mwaka 1906 Serikali ya Ujerumani ilimtuma Koch, akiwa na miaka 62. Waingereza walimruhusu kufanya kambi katika visiwa vya Sese, mahali panapoitwa Bugala. Mkewe wa pili, Hedwig, alikuwa naye kwa wakati fulani. Wasaidizi wake walikuwa waganga, kati yao Friedrich Karl Kleine. Walijenga vibanda vya majani, wakaweka mikroskopi, wakaanza kuchoma tezi za wagonjwa na kutafuta tripanosoma. Koch alipima hata damu iliyo tumboni mwa mbung'o, akaona wanakunywa damu ya mamba; akashauri mamba wapunguzwe na vichaka vya ufuko vikatwe.

DAWA ILIYOITWA ISIYO SUMU

Dawa aliyoileta Koch iliitwa atoksili. Asili yake ni arseniki, madini ambayo watu tangu zamani walitumia kuua panya, na hata kuuana. Mfaransa Antoine Béchamp aliiunganisha mwaka 1859, na jina lake kwa lugha ya Kigiriki maana yake ni kitu kisicho na sumu, kwa sababu ilikuwa pole kuliko arseniki tupu. Mwaka 1905 watu wa Liverpool walionyesha kwamba inaua tripanosoma ndani ya wanyama.

Mwanzo ulikuwa wa furaha kubwa. Koch alichoma nusu gramu. Baada ya saa chache tripanosoma hazikuonekana tena katika tezi. Watu waliobebwa kwa machela walianza kusimama. Habari ilienea, na mamia kwa mamia walikuja kwa mitumbwi.

Lakini baada ya miezi kadhaa ugonjwa ulirudi kwa wengi. Leo tunajua sababu: tripanosoma zikikwisha kuingia katika ubongo zinajificha nyuma ya kizuizi ambacho dawa kama atoksili haiwezi kuvuka vizuri. Koch hakulijua jambo hilo. Alifanya jambo linaloonekana la akili: kama nusu gramu haitoshi, ongeza. Alipandisha mpaka gramu moja.

Nusu gramu na gramu moja, ndugu, ni tofauti ndogo kiganjani. Katika mwili ilikuwa tofauti ya mchana na usiku. Wagonjwa waliona maumivu makali, tumbo, kizunguzungu. Wengine walikimbia kambi. Kiisha mishipa ya macho ilianza kufa. Wagonjwa 22 walipofuka kabisa, na macho yao hayakurudi. Koch aliacha kipimo kile na kurudi kwenye nusu gramu.

Tufikiri kidogo juu ya watu hao 22. Kipofu kisiwani, mahali watu wanapoishi kwa samaki na mtumbwi, atakula namna gani? Amri za Prussia za 1891 na 1900 zilikuwa zimekwisha kuandikwa, tena Koch alizijua, kwa sababu ya kwanza ilitoka kwa ajili ya dawa yake mwenyewe. Lakini amri hizo hazikuvuka bahari. Mfungwa wa Berlin alikuwa na karatasi ya kumlinda. Mvuvi wa Sese hakuwa nayo.

Tuseme pia upande wa pili, ili tusimhukumu mtu kwa uvivu. Bila dawa wagonjwa wale wangekufa karibu wote. Munganga anayeona watu wanakufa kila siku anashawishika kuongeza. Kosa halikuwa kujaribu. Kosa lilikuwa kwamba hapakuwa na mtu ye yote juu yake wa kumwambia angoja, wala kwa mgonjwa hapakuwa na mlango wa kusema hapana.

Koch aliondoka mwezi wa Oktoba 1907. Alishauri Serikali iendelee na atoksili kwa kipimo kidogo na iwakusanye wagonjwa katika kambi za kutengwa. Shauri hilo lilifuatwa katika makoloni ya Wajerumani. Dawa yenyewe ilitumika Kongo pia, katika lazareti za Serikali. Kule Ibembo, katika Uele, vipofu wa atoksili walionekana vilevile.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Koch aliugua moyo, akafa tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden. Majivu ya mwili wake yaliwekwa katika chuo chake huko Berlin, ambacho mpaka leo kina jina lake.

Mwaka uleule wa 1910 Paul Ehrlich, yule kijana wa 1882, alileta dawa nyingine ya arseniki, Salvarsan, ya kuponya kaswende. Ehrlich alianza na atoksili hiyohiyo, akaichunguza, akageuza kipande hiki na kile, akajaribu mamia ya sura mpaka akapata iliyokuwa bora. Hapo kemia ya dawa ilianza kuwa kazi ya utaratibu.

Lakini arseniki haikutoka katika ugonjwa wa usingizi upesi. Mwaka 1949 ilikuja melarsoproli, ambayo inafika mpaka ubongo. Iliokoa wengi, lakini iliua karibu wagonjwa 5 katika kila 100 waliochomwa. Wazee wetu walioona sindano hiyo wanasema ilichoma mishipa kama moto.

SHERIA ILIFIKAJE

Ulimwengu ulijifunza polepole, na kila mara baada ya makaburi. Huko Marekani mwaka 1937 watu zaidi ya 100, kati yao watoto, walikufa kwa dawa ya maji iliyochanganywa na kitu chenye sumu. Mwaka uliofuata sheria ikadai dawa ionyeshwe kwanza kwamba haidhuru. Kati ya 1957 na 1961 talidomidi, dawa ya usingizi iliyopewa wenye mimba, ilileta watoto maelfu wasio na mikono au miguu; mwaka 1962 sheria ya Marekani ikadai ionyeshwe pia kwamba inaponya. Mwaka 1964, huko Helsinki, waganga wa ulimwengu waliandika kanuni za kumlinda mtu anayejaribiwa dawa.

Leo dawa inapita milango mingi. Kwanza wanyama, kiisha watu wachache wazima, kiisha wagonjwa kidogo, kiisha wengi. Kamati ya maadili inasoma mpango wote mbele ya sindano ya kwanza. Mgonjwa anaelezwa kwa lugha yake, na anaweza kukataa. Mwishoni Serikali inatoa ruhusa ya kuuza. Katika inchi yetu kazi hiyo imewekwa mikononi mwa ACOREP, iliyoundwa mwaka 2020.

Nasi Wakongo tumekuwa walimu katika jambo hili. Kuanzia 2012 dawa ya kumeza ya ugonjwa wa usingizi, feksinidazoli, ilijaribiwa katika hospitali za Kongo na moja ya Afrika ya Kati, chini ya uongozi wa munganga wetu Victor Kande. Wagonjwa 394 waliingia. Majibu yalitangazwa yote, hata yasiyopendeza: katika kila 100 waliopewa vidonge, 91 walifaulu, waliopewa dawa ya zamani ya sindano na vidonge, walifaulu 97 au 98. Kwa hiyo iliandikwa wazi kwamba mgonjwa ambaye ubongo wake umeshikwa sana apewe ile ya zamani, na wengine wapewe vidonge vya siku kumi. Kongo iliiruhusu Desemba 2018. Hakuna arseniki ndani yake, na hakuna siri. Ukilinganisha na Berlin ya 1890 utaona safari ilivyokuwa ndefu.

TUNAPATA NINI

Wadogo wetu, tunafunga kwa mashauri, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Sheria inakaa Kinshasa, lakini kinini inauzwa mlangoni petu. Sokoni tunaona vidonge vinauzwa kimoja kimoja, juani, bila boksi wala karatasi. Huyo anayeuza anasema ni dawa nzuri, na anayenunua anasadiki. Tofauti na wagonjwa wa Berlin ni nini? Nao walichomwa maji yasiyo na jina. Mwingine anameza vidonge viwili pahali pa kimoja ili apone upesi kwa ajili ya egzamene. Huyo naye anafanya hesabu ileile ya Sese, nusu gramu mpaka gramu moja. Mwingine anaacha dawa ya BK baada ya mwezi mmoja kwa sababu kikohozi kimetulia, na mikrobi zilizobaki zinajifunza kushinda dawa.

Basi mbele ya kumeza, uliza maswali manne. Jina lake ni nani? Kipimo ni kiasi gani, siku ngapi? Tarehe ya mwisho imeandikwa wapi? Nani mwenye haki ameiandika kwenye ordonansi yangu? Mwuzaji akikasirika, umekwisha kupata jibu lako.

Tusiache kumheshimu Robert Koch. Kila mgonjwa wa kifua kikuu anayegunduliwa leo Bunia ana deni kwake. Lakini heshima iliyo bora ni kuzitumia kanuni zake hata juu yake mwenyewe, na kuomba ushuhuda kwa mkubwa vilevile kama kwa mdogo. Jina lake liko kwenye karatasi za laboratori za dunia nzima. Vipofu 22 wa Sese hawana karatasi yenye jina lao. Ninyi mtakaosomea uganga au farmasi, na tunajua mko wengi, mwakumbuke hao kila mara mtakapopima dawa ya kuingiza ndani ya sindano.

Kwa jina la mwaka wa sita,
Kapita wa wanafunzi